Mkono Unaokopesha na Mkono Unaotoza: Halmashauri Zetu Mbele ya Gharama za Maisha

Gharama za maisha zinapopanda, lugha ya vikao vyetu hubadilika. Bei ya unga na ya mafuta ya kula huzungumzwa kana kwamba ni mvua ya mawe: imetoka mbinguni, imewaangukia wote, na hakuna wa kuulizwa. Mwaka 2022 lugha hiyo ilisikika sana. Vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mafuta na mbolea katika soko la dunia, na mwezi Mei mwaka huo lita moja ya petroli jijini Dar es Salaam ikapita shilingi 3,000. Kwamba chanzo kilikuwa nje ya nchi ni kweli. Lakini kada anayeishia hapo hajachambua jambo, ametoa udhuru.

Serikali Kuu ilichukua hatua. Ilitoa shilingi bilioni 100 kupunguza makali ya bei ya mafuta kuanzia tarehe 1 Juni 2022. Msimu wa 2022/23 ikaweka ruzuku ya mbolea. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula nao ukapeleka mahindi ya bei nafuu katika maeneo yenye upungufu. Hatua hizo zina uchambuzi wake, na makala haya hayakusudii kuufanya. Shabaha yetu ni chombo kilicho karibu zaidi na mwananchi: halmashauri ya wilaya, ya mji, ya manispaa na ya jiji. Bei zinapopanda, chombo hiki humsaidiaje mkazi wake?

Swali hili likiulizwa darasani au kikaoni, jibu huja upesi: mikopo ya asilimia 10. Hilo ndilo jibu tunalotaka kulikosoa. Si kwa sababu mikopo hiyo ni mibaya, bali kwa sababu imegeuzwa kuwa jibu la swali ambalo haikuundwa kulijibu.

Tulikotoka

Hapana budi tuanze na historia, maana halmashauri zetu zina kumbukumbu fupi. Mwaka 1972, kwa utaratibu wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilifutwa na kazi zake zikachukuliwa na watumishi wa Serikali mikoani na wilayani. Vyama vikuu vya ushirika vikafuata mwaka 1976. Kwa hatua hizo mbili mwananchi alipoteza kikao alichoweza kumwuliza diwani wake, na chama alichoweza kuuzia na kununulia. Mwalimu Nyerere alisema baadaye kwamba, kama angeanza upya, hayo ni mambo mawili ambayo asingeyarudia.

Katika pengo hilo ndipo zilipojaribiwa njia za kupambana na bei kwa amri. Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ilikusudia kuweka maduka ya vijiji na ya ushirika mahali pa maduka ya watu binafsi. Nia ilikuwa kuondoa unyonyaji wa muuza duka. Lakini mahali pengi duka la zamani lilifungwa kabla duka jipya halijapata sukari wala sabuni ya kuuza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika kabisa, ukaja mgao wa maduka ya kaya, na balozi wa nyumba kumi akawa ndiye anayejua nani apate kilo ngapi. Mwaka 1983 ukafuata msako wa walanguzi. Mwaka 1984 ruzuku ya unga wa sembe ikaondolewa.

Wapo wanaokumbuka miaka ile kwa kicheko tu, na wapo wanaoikumbuka kwa hamu. Wote wanakosea. Fundisho lake ni la wazi: bei haishuki kwa kumwamrisha mtu wa mwisho aliyeshika mzani. Bei ya dukani ni mwisho wa safari ndefu, na anayetaka kuipunguza lazima aifuate safari hiyo kuanzia shambani, aone kila mahali inapoongezeka, na aulize ni nani anayeiongeza.

Sheria za mwaka 1982 zilirudisha Serikali za Mitaa, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Ibara ya 146 ya Katiba ikaeleza kwamba madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Basi kipimo kipo. Tutakitumia.

Mkopo ni kitu gani?

Tangu mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa imezitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kabla ya hapo jambo hili lilikuwa agizo tu, na halmashauri nyingi zililitekeleza zilipotaka. Kuligeuza kuwa sheria kulikuwa ushindi wa kweli kwa wanyonge.

Lakini tuelewe maana ya mkopo. Mkopo hauongezi mshahara wa mfagizi wa barabara. Haumsaidii mzee asiyeweza kufanya biashara. Haupunguzi bei ya kilo ya mchele hata kwa senti moja. Mkopo ni nyenzo ya uzalishaji, nao huzaa matunda baada ya muda, kama biashara itafanikiwa. Aliyekopa wakati bei zinapanda ananunua mali kwa bei ya juu na kuwauzia majirani ambao mifuko yao imepungua. Kumwambia mtu kama huyu kwamba mkopo ndio kinga yake dhidi ya gharama za maisha ni kumpa jembe wakati wa njaa, na kumwambia kwamba amekwisha kula.

Tuchukue mfano wa darasani, wenye hesabu rahisi ambayo kila kada anaweza kuifanya kwa takwimu za sokoni kwake. Mama mmoja anauza mbogamboga katika soko la manispaa. Kikundi chake kimekopeshwa, na fungu lake ni shilingi milioni 1, atakazorudisha kidogo kidogo kwa miezi 12. Benki ingemtoza, tuseme, riba ya asilimia 18 kwa mwaka kwa deni linalobaki. Kwa hesabu hiyo riba yote ingekuwa shilingi 97,500. Hiyo ndiyo nafuu halisi aliyopewa na halmashauri, maana milioni yenyewe atairudisha yote.

Sasa tuangalie mkono wa pili. Kila siku anapopanga nyanya zake juu ya meza, mkusanya ushuru hupita na mashine. Tuseme ni shilingi 500. Kwa siku 26 za kazi katika mwezi, na miezi 12, mama huyu ametoa shilingi 156,000. Halmashauri imempa nafuu ya 97,500 na imemtoza 156,000. Naye ndiye aliyebahatika kupata mkopo. Jirani yake wa meza ya pili, ambaye kikundi chake hakikupita, ametoa 156,000 na hakupata kitu.

Tuendelee. Katika kila shilingi 156,000 za ushuru, zinazokwenda kwenye mfuko wa mikopo ni asilimia 10, yaani 15,600. Kwa hiyo ili mchuuzi mmoja akopeshwe milioni 1, wachuuzi wapatao 64 wamelipa ushuru kwa mwaka mzima. Hapa ndipo uzito wa mikopo isiyorejeshwa unapoonekana. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilionyesha mwaka hadi mwaka mabilioni ya shilingi yasiyorudi, na vikundi ambavyo wakaguzi walipovitafuta havikupatikana. Mwezi Aprili 2023 Serikali ikasimamisha mikopo hiyo, na ikaanza tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mtu aliyeunda kikundi cha jina tu na kuchukua milioni 10 hakuiibia "Serikali", kama tulivyozoea kusema. Aliiba ushuru wa mwaka mzima wa wauza mchicha 640.

Ushuru wa chakula unalipwa na nani?

Upo utetezi unaosema kuwa ushuru wa soko humgusa mfanyabiashara, haumgusi mlaji. Utetezi huu unaonyesha kuwa msemaji hajatazama fungu la nyanya. Mama wa genge hapandishi bei ovyo, kwa sababu anajua mteja wake ana shilingi 500. Anachofanya ni kupunguza fungu. Jana zilikuwa nyanya tano, leo ni nne, na bei ni ile ile. Ushuru umeingia katika sufuria ya mkazi bila kutajwa katika taarifa yoyote.

Tena ushuru wa kiwango kimoja ni kodi iliyopinduka kichwa chini. Mwenye mtaji wa shilingi 10,000 akitoa 500, ametoa sehemu ya 20 ya mtaji wake kwa siku moja. Mwenye mtaji wa milioni 2 akitoa 500 ile ile, hajahisi lolote. Na kabla ya hapo mzigo wenyewe umekwisha kutozwa ushuru wa mazao njiani. Bajeti ya mwaka 2017/18 ililiona jambo hili: ilitangaza kushusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na kwamba mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe. Kada ajiulize: wakulima wangapi katika kata yake walielezwa haki hiyo, na mageti mangapi yaliendelea kuwasimamisha?

Kwa miaka mingi halmashauri nyingi zilikabidhi ukusanyaji huu kwa mawakala binafsi. Wakala aliahidi kiasi fulani kwa halmashauri, na kilichozidi kikawa chake. Huo ulikuwa mtindo wa kumpangisha mtu haki ya kuwatoza wananchi, na hauna mahali katika itikadi ya kujitegemea. Mashine za kielektroniki zimepunguza wizi wa stakabadhi bandia. Lakini mashine haijui haki. Hutoza kilichoandikwa katika sheria ndogo, na sheria ndogo hupitishwa na baraza la madiwani. Mzizi uko hapo.

Kodi ya majengo na ushuru wa mchicha

Kwa nini halmashauri imeng'ang'ania chakula? Tusiwalaumu watendaji tu. Kodi ambayo kwa asili yake ndiyo ya haki zaidi kwa serikali ya mji ni kodi ya majengo, kwa sababu mwenye jengo kubwa amenufaika zaidi na barabara, taa na mitaro ya mji. Kuanzia mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi hiyo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2018 vikawekwa viwango vya jumla: shilingi 10,000 kwa nyumba ya kawaida, na kwa ghorofa kiwango kwa kila sakafu. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaanza kukatwa kupitia umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikawa 1,500.

Njia hii ni rahisi kwa mkusanyaji, na urahisi una thamani yake. Lakini tutazame matokeo yake kitabaka. Nyumba ya chini ya thamani kubwa, yenye bustani na karakana ya magari matatu, ikalipa sawa na nyumba ya vyumba viwili yenye mita ya umeme. Na anayenunua umeme mara nyingi si mwenye nyumba bali mpangaji. Ilielezwa kwamba mpangaji akubaliane na mwenye nyumba ili fedha hiyo ipunguzwe katika kodi ya pango. Lakini mpangaji wa chumba kimoja, anayedaiwa pango la miezi sita kwa mkupuo, ana nguvu gani ya kumdai mwenye nyumba wake shilingi 1,500? Hivyo kodi ya mwenye mali ikahamia kwa asiye na mali, na halmashauri iliyopokonywa kodi ya haki ikarudi sokoni kusaka mapato katika matenga ya nyanya.

Sokoni humo kuna ushuru mwingine usio na stakabadhi. Vizimba na vibanda vilivyojengwa kwa fedha za umma hukodishwa na halmashauri kwa bei ndogo. Katika masoko mengi, majina yaliyo kwenye daftari si ya watu wanaouza. Mwenye jina amekaa nyumbani, na muuzaji humlipa mara kadhaa ya kile anachokilipa yeye kwa halmashauri. Huyu ni kabaila wa sokoni. Hakulima, hakusafirisha, hakuuza. Anakula kwa sababu alikuwa karibu na ofisi siku vizimba vilipogawiwa. Kila shilingi anayopokea imo katika bei ya kitunguu.

Na upo mzani. Kanuni za vipimo haziruhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini lumbesa bado hufungwa mashambani. Mkulima hulipwa kama aliyeuza gunia moja, na kilichozidi huuzwa mjini kwa bei kamili. Mkulima amepoteza, mlaji hakupata nafuu, na aliye katikati amenufaika mara mbili. Halmashauri ina geti, ina soko, ina mkusanya ushuru anayeliona kila gunia. Je, macho yanayoona ushuru hayawezi kuona uzito?

Hoja za upande wa pili

Ipo hoja nzito inayopaswa kujibiwa. Inasemwa: halmashauri isiyo na mapato yake ni ombaomba. Hoja hii ina ushahidi. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ambayo wananchi waliiita kodi ya kichwa, ilifutwa pamoja na ushuru mdogo mdogo uliokuwa kero. Wananchi walishangilia, na walikuwa na sababu, maana watu walikuwa wakikimbizwa porini na migambo kwa ajili ya kodi hiyo. Lakini baada ya kufutwa, halmashauri zilizidi kutegemea ruzuku ya Serikali Kuu, na anayengoja ruzuku hungoja pia maagizo. Vivyo hivyo vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, vilivyoanza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2018 kwa shilingi 20,000, viliwapa wachuuzi nafuu kubwa ya kusumbuliwa, na wakati huo huo vikapunguza mapato ya masoko.

Basi makala haya hayasemi ushuru wote ufutwe. Soko lisilo na ushuru halina wa kuzoa taka, halina taa wala choo. Tunachosema ni kwamba mzigo uhamishwe: utoke kwenye chakula na mchuuzi mdogo, uende kwenye jengo, kiwanja kilichohodhiwa bila kuendelezwa, bango la matangazo, na mauzo ya makampuni ambayo tayari yanadaiwa ushuru wa huduma lakini hayafuatwi kwa bidii anayofuatwa nayo muuza dagaa. Mama wa meza hukutwa kila asubuhi kwa sababu hana pa kukimbilia. Kampuni huandikiwa barua, kisha hungojewa ijibu.

Hoja ya pili inasema kuwa bei ni jambo la soko huria, na halmashauri haina mamlaka juu yake. Ni kweli kwamba halmashauri haipangi bei ya mchele, na historia tuliyoieleza inatuonya tusitamani kuipanga. Lakini kiwango cha ushuru hupangwa na baraza. Mgawo wa vizimba ni wa halmashauri. Barabara ya kutoka shambani, ambayo lori likikwama nauli hupanda, ni jambo la kupigania katika vikao vya wilaya. Ghala la kijiji, ambalo lingeiokoa kaya isiuze mahindi yote wakati wa mavuno na kuyanunua tena kwa bei kubwa miezi ya njaa, linaweza kuanzishwa na serikali ya kijiji kwa sheria ndogo zake. Hayo yote si soko huria. Ni maamuzi ya watu waliochaguliwa.

Kipimo na kazi ya makada

Tatizo la msingi ni kipimo. Halmashauri husifiwa kwa asilimia ya makusanyo: imevuka lengo, imefikia asilimia 104, mkurugenzi apongezwe. Hakuna ukurasa katika taarifa unaoeleza makusanyo hayo yametoka kwa nani. Halmashauri iliyovuka lengo kwa kufuatilia kiwanda, na ile iliyovuka lengo kwa kuongeza ushuru wa matenga, hupigiwa makofi sawa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipima maendeleo kwa uwezo wa watu wa kuamua mambo yao wenyewe. Kwa kipimo hicho, halmashauri inayokusanya sana kwa siri haijaendelea.

Kwa hiyo kazi ya kada katika eneo lake ni ya vitendo. Kwanza, asome sheria ndogo za ushuru za halmashauri yake, maana huwezi kukosoa usichokisoma. Pili, atake taarifa ya mapato iwe na mafungu mawili yanayoonekana: yaliyotoka kwenye chakula na wachuuzi wadogo, na yaliyotoka kwenye majengo, ardhi na makampuni; kisha adai fungu la kwanza lipungue mwaka hadi mwaka. Tatu, daftari la vizimba libandikwe ukutani sokoni, ili kila mtu aone jina na amtafute mwenye jina. Nne, majina ya vikundi vilivyokopeshwa na marejesho yao yasomwe katika mikutano ya mitaa na vijiji, kama kaya maskini zinavyotajwa hadharani katika mpango wa TASAF. Ikiwa fukara anaweza kujadiliwa mbele ya majirani kabla ya kupewa ruzuku yake ndogo, mkopaji wa mamilioni ana heshima gani ya kufichwa? Tano, mzani wa halali uwekwe kila soko na kila geti.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Mahali ambapo haukai, au unakaa kwa kusomewa maagizo, haya yote yatabaki maneno ya jarida. Mahali ambapo unakaa, na mwananchi anasimama kuuliza ushuru wake umekwenda wapi, hapo halmashauri imeanza kuwasaidia wakazi wake, hata kabla ya kumkopesha mtu shilingi moja.